Pombe ya Moshi Kando ya Moto

Mwezi wa saba mwaka jana tulikwea watu wanne hadi Mambo, Usambara Magharibi, tukapiga mahema karibu na ukingo wa mlima, pale ambapo ukichungulia unaiona nyika ya Mkomazi chini kabisa, imetandazwa kama mkeka. Kila mtu alikuwa na jukumu lake. Mmoja alileta nyama na chumvi. Wa pili alileta mahema ya kuazima, moja likiwa halina zipu. Wa tatu alileta gari, na kwa kuwa hanywi pombe, alileta pia chupa mbili za chai ya tangawizi. Mimi, ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nimewachosha kwa habari za wiski, niliambiwa nilete wiski.

"Lakini uchague ya kunywea motoni," alisema mwenye gari, "siyo ya kutusomea."

Nililichukulia agizo hilo kwa uzito kuliko lilivyostahili. Nilikwenda na chupa tatu: Laphroaig ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Islay, Scotland, Jameson ya kawaida kutoka Ireland, na Wild Turkey 101 kutoka Kentucky, Marekani, ambayo jamaa mmoja alinibebea kwenye begi. Ile ya Islay ilinitoa zaidi ya laki mbili, na wiki nzima iliyofuata nilikula chipsi kavu. Mshindi nilikuwa nimeshamteua kabla hata ya kufungua kifuniko. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: moto una moshi, Laphroaig ina moshi, basi vitapatana. Nilikosea, na kosa lenyewe halikuwa la ulimi peke yake.

Kwa asiyeijua, wiski ya namna hiyo hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Kimea ni kilekile tunachokijua kwenye mbege na togwa: nafaka inalowekwa, inaachwa ichipue, kisha inakaushwa ili isiendelee kuchipua. Tofauti iko kwenye kukausha. Islay ni kisiwa cha upepo na mvua, miti yake si mingi, na kwa karne nyingi watu wake wamekuwa wakichoma piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliojaa mabaki ya mimea iliyolala humo maelfu ya miaka. Hukatwa vipande kama matofali, huanikwa, kisha huwashwa. Kimea kikikaushwa juu ya moto huo, moshi unaingia kwenye punje na kung'ang'ania. Utachachua, utapika, utafungia ndani ya pipa la mwaloni miaka kumi, na bado sehemu yake itakuja kukupokea mdomoni mwa glasi.

Wapenzi wa wiski hizi hupenda kutajiana namba za fenoli, sehemu kwa milioni, kama vijana wa gereji wanavyotajiana ukubwa wa injini. Laphroaig iko kwenye arobaini na kitu. Octomore, inayotengenezwa na Bruichladdich kisiwani humohumo, mara nyingi inapita 100. Kinachosahaulika ni kwamba namba hizo hupimwa kwenye kimea, kabla ya kupika, kwa hiyo hazikuambii moja kwa moja kilichomo kwenye glasi yako. Lakini zinasomeka vizuri ukiwa peke yako usiku na simu, na mimi nilikuwa nazijua zote.

Nyumbani, Laphroaig ni wiski inayotangulia mgeni wake. Ukifungua chupa sebuleni, aliyeko jikoni anauliza nani ameumia. Inanuka chumba cha sindano: iodini, bandeji mpya, kisha mwani uliotupwa ufukweni, kisha dagaa waliokaushwa juu ya moshi. Chini ya hayo yote kuna utamu wa kimea ambao ukiusubiri unatokea. Nakiri kwamba naipenda, na nimeitetea mbele ya watu walioikunjia uso.

Motoni ilikufa.

Kuni zetu zilikuwa za mkaratusi, na moshi wa mkaratusi una mafuta; unanuka kama dawa ya kupaka kifuani mtoto akiwa na mafua. Upepo ulikuwa unageuka kila dakika na, kama kawaida, moshi ulimfuata yule aliyehama. Baada ya nusu saa nilimimina Laphroaig kwenye vikombe vya bati, nikapiga funda la kwanza, nikasubiri zahanati yangu. Haikuja. Kilichokuja ni kitu kitamu kidogo, chenye chumvi kidogo, chembamba, kama supu iliyoongezwa maji baada ya wageni kuongezeka. Nikanusa tena. Hakuna.

Sababu yake haina uchawi wowote. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda inaacha kuihesabu. Muuza samaki wa Feri hasikii samaki. Wewe uliyeshuka daladala sasa hivi ndiye unayesikia. Sisi tulikuwa tumekaa ndani ya moshi tangu jua lizame, na pua zetu zilikuwa zimeshaufuta moshi kwenye orodha ya mambo ya kuangaliwa. Nikamletea pua hiyo wiski ambayo sifa yake kuu ni moshi. Ilikuwa sawa na kuwasha tochi mchana na kulalamika kwamba haina mwanga.

Jameson naipitia haraka, kwa sababu nayo ilipita haraka. Hupikwa mara tatu, haina piti, ni laini, na kwenye baa yenye makelele na barafu ni mwenzako mzuri asiyekugombeza. Kwenye baridi ya Usambara, ndani ya kikombe cha bati, ilinyamaza. Baridi huzuia harufu kupanda, na wiski yenye sauti ya chini ikikaa kwenye baridi unabaki na joto la koo tu. Rafiki yetu asiyekunywa, ambaye kwa kunusa tu alikuwa hakimu mzuri kuliko sisi sote, alikipitisha kikombe puani akasema, "Hii ni ya harusini." Sidhani kama kuna mhakiki atakayeieleza vizuri zaidi.

Kisha akanusa cha tatu. Akakirudia.

"Sukari guru," akasema.

Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 kwenye nafaka zake, na ikae kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani. Hapo ndipo penye moto wa wiski hii. Pipa likiwa tupu, ndani yake huwashwa moto mpaka mbao zinageuka mkaa; Wild Turkey huchoma sana, hadi mbao zinapasukapasuka mfano wa ngozi ya mamba. Pombe inaingia na kutoka kwenye nyufa hizo kwa miaka, ikichukua rangi na utamu wa mti ulioungua. Kwa hiyo moto umo, ila umo kama ulivyo kwenye hindi la kuchoma au kwenye karanga za kukaangwa kwa mchanga: umeshageuka kuwa utamu. Haushindani na moshi ulioko nje.

Na ile 101 ni kipimo cha kizamani cha ukali; ukiigawa kwa mbili unapata asilimia 50.5 ya alkoholi. Mezani nyumbani naona inasukuma. Motoni ukali huo ulifanya kazi, ulipandisha harufu juu ya baridi, na kikombe cha bati kilichowekwa kwenye jiwe karibu na makaa kikazidi kuifungua: sukari guru, vanila, pilipili manga, ganda la chungwa, na mahindi, mahindi waziwazi. Haikuhitaji kusikilizwa. Mtu angeweza kusimulia habari ya mwajiri wake huku anakunywa, asikose kitu upande wowote. Nyama ilipoiva, chupa ilikuwa imeshuka karibu nusu, na mbili nyingine zilikuwa zimekaa kama wageni waliofika mapema.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea, kwa sababu wengi hulikosea na mlimani linaweza kumgharimu mtu. Wiski haikupashi moto. Inapanua mishipa iliyo karibu na ngozi, unasikia joto, na wakati huohuo mwili wako unalitoa joto hilo nje. Vaa sweta, na funda liwe dogo.

Sasa, mlinzi wa kambi. Alikuja kama saa tatu usiku, mzee mrefu mwenye koti la jeshi la zamani na rungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wajukuu zangu. Baridi haijawashinda?"

Tukampisha jiwe zuri. Nikataka kumheshimu, na kumheshimu kwangu kulikuwa kumpa kilicho ghali. Nikammiminia Laphroaig. Yeye alikuwa ametoka gizani, pua yake haikuwa imechoka kama zetu. Aliinusa, akapiga funda, akakaa nayo mdomoni, akameza. Akatazama ndani ya kikombe kwa muda.

"Hii imeungua," akasema.

Wenzangu wakacheka. Mzee hakuwa anatania.

"Aliyeipika kaacha mashapo yamekaa chini ya pipa. Moto wake ulikuwa mkubwa. Ana haraka huyo."

Wakacheka zaidi, mmoja akaniuliza kama dukani wanarudisha fedha. Mimi sikuweza kucheka. Sentensi ile nilikuwa nimewahi kuisikia, karibu kwa maneno yaleyale, mara nyingi, na aliyekuwa akiisema ni bibi yangu mzaa baba, Muheza, upande wa pili wa milima hiyohiyo.

Bibi alipika gongo. Hilo sijawahi kuliandika popote, na kwa marafiki zangu hawa, tuliojuana tangu chuo, sikuwa nimelisema. Nilikuwa nimewaambia bibi yangu alikuwa mkulima wa machungwa, jambo ambalo ni kweli kwa miezi mitatu ya mwaka. Miezi iliyobaki aliotesha mahindi kwenye gunia lenye unyevu mpaka yatoe mizizi, akayaanika, akayasaga, akachanganya na sukari guru na maji, akaacha yachachuke siku kadhaa, kisha akayapika kwenye pipa chini ya migomba. Mrija wa shaba ulitoka kwenye pipa ukapita ndani ya maji ya kijito na kutokea upande wa pili, na pale tone lilikuwa likidondokea kwenye chupa. Tone la kwanza kabisa alilimwaga. Alisema lina kichwa kibaya. Kila baada ya muda alirusha kijiko kimoja motoni, na mwali ukiwa wa buluu aliridhika. (Mwali wa buluu unakuambia kwamba pombe ni kali. Haukuambii kwamba ni salama. Hilo nililijifunza ukubwani.)

Magazeti yetu huiita pombe haramu ya moshi. Sheria ya mwaka 1966 inayohusu upikaji wake inaitaja kwa jina hilohilo, Moshi. Lakini bibi alisisitiza kwamba moshi huo ni mvuke, ule unaopanda kwenye mrija na kugeuka tone, na kwamba moshi wa kuni hauna kazi ndani ya chupa. Harufu ya moshi kwake ilikuwa aibu ya kikazi, sawa na ubwabwa ulioungua mbele ya wakwe. Moto mkubwa unaharakisha tone lakini unaunguza mashapo, na mnywaji anajua. Nikiwa na miaka tisa, nachochea kuni, aliniondoa kwenye moto kwa upole: "Mume wangu, una haraka ya kwenda wapi? Pombe ya moshi isinuke moshi."

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mrija ule. Mara mbili askari walikuja. Mara ya pili walilitoboa pipa kwa sururu wakamchukua bibi, akalala mahabusu siku mbili, na muhula ule nilifika shule wiki tatu baada ya wenzangu, na sweta langu linanuka kuni. Bwenini waliniita Moshi hadi kidato cha nne. Walidhani ni kwa sababu ya sweta tu.

Kwa hiyo jaribu kunielewa: mtu aliyeitwa hivyo, akakua, akapata kazi, akaenda kulipa zaidi ya laki mbili kununua harufu ileile iliyomkosesha usingizi bwenini, kwa kuwa sasa imefungwa kwenye chupa ya kijani yenye lebo nyeupe, na kuna maneno ya kuisemea. Nilijifunza maneno hayo kwa bidii. Nilikuwa naweza kusema wiski fulani ina maua ya hedha, na sikuwa nimewahi kunusa hedha, ingawa jamaa zake wanakua Kilimanjaro, warefu kunizidi, na ningeweza kupanda kwenda kuwaona kwa nauli ya basi na kiingilio. Sikuwahi kusema wiski ina harufu ya kuni za Muheza. Msamiati wa wiski tunaoupokea unamtaka mnywaji awe na utoto wa mtu mwingine.

Na uhakiki mwingi wa wiski ninaousoma una tabia moja inayoniudhi zaidi kila mwaka. Unapenda magendo, mradi yawe ya zamani na ya mbali. Wiski ya nyanda za juu za Scotland ilikuwa gongo. Sizungumzi kwa mafumbo: ilipikwa mabondeni kwa vyombo vidogo, ikifichwa, ikikimbizwa usiku na watu waliowachukia watoza ushuru. Robert Burns, mshairi wao mkuu, alikuwa mtoza ushuru wa pombe kuanzia mwaka 1789, na wanamsamehe. Mfalme George IV alipozuru Scotland mwaka 1822 alitaka wiski ya Glenlivet, na wakati huo Glenlivet yote ilikuwa haramu. Ikatafutwa, ikapatikana, akanywa. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria iliyoshusha gharama za leseni, na mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akachukua leseni yake, akawa anatembea na bastola kwa kuwaogopa majirani zake waliobaki kwenye magendo. Leo mambo hayo hupamba maboksi ya zawadi. Mpikaji wa magendo wa Scotland amekuwa shujaa wa lebo. Mpikaji wetu, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye watoto wa kusomesha, picha yake hutoka gazetini amesimama nyuma ya madumu, ameinamisha uso.

Sisemi gongo inywewe. Kenya walihalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, wakitaka ipikwe na kufungwa kwa viwango, na bado mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka. Anayeongeza kemikali za viwandani ili apate faida ya haraka hana uhusiano na bibi yangu, lakini mnywaji gizani hana njia ya kuwatofautisha, na hiyo ndiyo kazi ambayo leseni na kipimo vingeifanya. Uganda walijaribu njia nyingine mapema: kwa sheria ya mwaka 1965 wapikaji wenye leseni walitakiwa kuuza enguli yao kiwandani, ikasafishwa, ikawa Uganda Waragi, na leo inakaa kwenye rafu za maduka makubwa. Unaweza kubishana na sheria ile, lakini ilikubali kwamba kilichokuwa kikipikwa kijijini kilikuwa kinywaji.

Nilichokosea kuhusu chupa ya moto wa kambini, basi, kilianzia mbali kuliko pua iliyochoka. Niliichagua Laphroaig kwa sababu ilikuwa moshi wenye cheti. Hata wenzangu walipoiacha niliendelea kuinywa peke yangu, nikiwa na uso wa mtu anayesikia vitu. Nilichokuwa nakisikia kweli kilikuwa kwenye kikombe cha pili, mahindi na sukari guru, na nilikuwa nimekikimbia tangu rafiki yangu alipotamka neno lile.

Mzee alikuwa bado ameshika kikombe chake kwa adabu, hanywi. Nikamwambia bibi yangu naye alikuwa akisema hivyohivyo, kwamba ikinuka moshi aliyepika alikuwa na haraka. Wenzangu wakanigeukia. Mwenye gari akaweka chai yake chini.

"Alikuwa anapika?" mzee akauliza.

"Alikuwa anapika. Muheza."

"Mrija wake alipitisha kwenye ndoo au kwenye maji yanayotembea?"

"Kijito. Kilipita nyuma ya migomba."

"Na la kwanza alimwaga?"

"Alimwaga."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha anwani. Kisha akamwaga Laphroaig iliyobaki kwenye majani pembeni, bila kuomba radhi, akainyosha kikombe kuelekea ile chupa nyingine.